Sura ya Saba: Waimbaji Waliokatwa Shingo

Watu wanane na bata bukini mmoja walikuwa wamekatwa shingo, na wote, hata bata, walikuwa wakicheka.

Inspekta Shemsa Kheir alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma. Ndiyo kawaida yake, macho kwanza, mikono baadaye. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, lakini madirisha ya upande wa kichochoro yalikuwa yamefungwa ili jua lisile rangi za karatasi, na mwanga uliopenya kwenye mbao zake uliangukia ukutani vipande vipande: jicho moja hapa, safu ya meno pale, kofia ndefu isiyo na mtu chini yake. Hatua mia kutoka hapo, mtaa wote wa Hurumzi ulikuwa unawauzia watalii vinyago na viungo. Humu ndani hata nzi hakusikika.

"Umegusa chochote, Koplo?"

"Mie?" Koplo Jaku alikuwa bado mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. "Nguse nini humu, afande. Hata kuingia bado sjaingia."

Kumwita Jaku mwoga isingekuwa haki. Aliwahi kutuliza mashabiki waliochachamaa pale uwanja wa Amani akiwa peke yake, na kirungu kimeshamvunjikia mkononi. Lakini wale walikuwa mashabiki, watu wenye mama zao na mitaa yao. Hawa wa ukutani hakujua ni wa nani, wala nani aliyewachinja.

Walikuwa majalada ya nyimbo. Zaidi ya miaka mia iliyopita, Mwingereza aliyetaka kuimba nyumbani kwake wimbo wa kuchekesha aliousikia kwenye jumba la starehe alinunua karatasi zake za muziki, na ili karatasi zinunulike, mbele yake ilichapwa picha ya rangi ya mwimbaji mwenyewe akifanya vituko vya wimbo wake. Baba mkwe wa Bi Urvi alikuwa fundi wa piano za Wazungu hapa Unguja, na kila Mzungu aliyefunga mizigo kurudi kwao alimwachia bunda. Sasa yalikuwa yametiwa fremu na vioo, thelathini na mawili, yamepangwa kwenye kuta nne kwa wageni wanaolipa kuyatazama: bibi mnene juu ya baiskeli, bwana aliyekwama kiunoni dirishani, askari anayevutwa suruali na mbwa, bata bukini aliyevaa joho la hakimu. Siku zake huenda yalivunja watu mbavu. Shemsa aliyatazama na hakuona cha kucheka. Vinywa vilikuwa wazi mno, mashavu mekundu mno, na macho yote yalimtazama aliyesimama katikati ya chumba. Kisha hiyo mistari, myeusi, mmoja kwa kila shingo.

Mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkeka karibu na ngazi, sari yake nyeupe ya ujane imekunjwa vizuri magotini. Alikuwa na miaka sabini na sita na alizaliwa mtaa wa pili tu kutoka hapo.

"Shikamoo tena, Bi Urvi," Shemsa alisema, akavuta kigoda akakaa chini yake kidogo. "Niambie taratibu. Umeiona lini mara ya kwanza?"

"Marahaba, mwanangu. Leo siku ya nne. Siku ya mwanzo nlidhani uchafu, nkachukua kitambaa nkafuta. Asubuhi yake imerudi. Nkafuta tena. Imerudi. Jana nlifuta huku nalia. Leo nkasema sifuti, nnawaita watu wa serikali."

"Nyumba unaifunga?"

"Saa kumi alasiri, wageni wakishatoka. Komeo, kufuli, na ule mti wa kukingama. Hakuna aliyevunja kitu. Asubuhi vyote navikuta kama nlivyoviacha."

"Na nani anakaa humu?"

"Mimi na magoti yangu." Hakutabasamu. "Nalala chini. Hapa napanda mara moja kwa siku, kwa tabu. Huko juu stoo sijafika mwaka wa sita huu."

"Kuna kitu kimeibiwa?"

"Mkate unapungua jikoni, lakini hiyo panya." Bi Urvi alizungusha bangili yake mara mbili. "Kuna jingine. Utanicheka."

"Sikucheki."

"Zinapumua, Shemsa. Mchana, nikikaa hapa kimya. Zinavuta pumzi kwa shida, na ndani ya pumzi mna kifilimbi. Kama watu waliochoka kuimba na hakuna anayewaambia basi."

Pale mlangoni, mguu wa Jaku uliokuwa ndani ulitoka nje.

Inspekta wa upelelezi hapandi ngazi za watu kwa ajili ya mistari kwenye picha. Shemsa alikuja kwa sababu jina la Bi Urvi lilikuwemo kwenye jalada jingine, jalada la polisi, lililokuwa mezani kwake kwa siku nane. Ummukulthum, miaka ishirini na saba, fundi wa kukarabati karatasi kuukuu. Kwa miezi minne alikuja katika nyumba hii kila asubuhi kuyaziba matundu ya haya haya majalada kwa brashi na gundi ya unga. Kazi ikaisha, akalipwa, akaagana vizuri. Wiki tatu baadaye alitoka kwake asubuhi na hakuonekana tena.

Alikuwa na pumu ya kumkamata vibaya, na ametoka bila pampu yake. Daktari aliyemtibu alikuwa amesema bila kuzunguka: akishikwa mahali pasipo na dawa, anaweza asiimalize siku. Pampu yenyewe ilikuwa mfukoni mwa Shemsa, ndani ya kifuko cha nailoni. Alipewa na Mudrik, mume wa Kulthum, mwenye duka la simu Darajani, ambaye kila siku saa mbili asubuhi alikuwa kaunta ya kituo macho mekundu. Akitokea mtu amempata, alisema, basi dawa iwe naye. Askari wa kituo kizima walikuwa wanamwombea. Hata Shemsa, ambaye kazi ilimfundisha kutowaingiza watu moyoni haraka, alimwonea huruma huyu.

Alinyanyuka akasogea kwenye ukuta. Alipitisha ukucha juu ya shingo ya bibi wa baiskeli. Mstari ulichubuka.

"Haupo kwenye karatasi," alisema. "Upo juu ya kioo." Alisugua kidole kwa kidole, akanusa. "Wanja."

"Wanja wa kina mama?" Jaku aliuliza.

"Wanja wa machoni, ndio. Njoo uone. Njoo, hawatakula."

Jaku aliingia kwa ubavu.

"Mtu akitaka kukutisha anakwaruza," Shemsa alimwambia. "Anachora damu, anatoboa macho. Angalia huyu. Mstari mmoja, umenyooka, mkono umetulia. Hii si hasira."

"Afande, mie nakwambia ni jirani. Mzee Pirbhai. Mwaka jana kataka kuinunua nyumba hii aifanye hoteli, huyu bibi kakataa. Ukuta wao mmoja. Anamtia hofu tu bibi wa watu ahame."

Lilikuwa wazo zuri, na Shemsa hakuwa na jingine. Walishuka. Jaku alibaki nyuma kidogo kwenye ngazi, simu mkononi, akisema anamjulisha mtu wa kituo. Shemsa hakumuuliza nani.

Mzee Pirbhai walimkuta barazani kwake, nyumba ya pili, mkongojo umeegemezwa ukutani na mguu umenyooshwa juu ya mto. Waliamkiana. Alikuwa ametoka hospitali Dar es Salaam siku sita nyuma, nyonga yake ina chuma kipya, na karatasi za daktari alizitoa kabla ya kuombwa, kwa furaha ya mtu asiyepata wageni wa kuonyesha.

"Nyumba ya Urvi?" alisema. "Hiyo nlishaisahau. Nshapata nyingine Malindi, ina bahari. Hii yake ukiingiza kitanda cha mgeni lazima utoe mlango."

"Hujamtuma mtu?"

"Mimi hata kwenda chooni natumwa." Akacheka, akashika nyonga yake, akaacha kucheka. "Lakini mfikishie salamu. Mwambie paka wake mgonjwa, amtafutie daktari."

"Paka gani?"

"Huyo anayekaa juu. Chumba changu cha kulala kipo ghorofa ya juu kabisa. Tangu nirudi namsikia, ng'ambo ya ukuta. Anapumua kama mlango usiotiwa mafuta. Jana mchana wote nlikuwa namsikiliza, sina kazi nyingine. Leo kidogo kapumzika."

"Leo humsikii?"

"Tangu alfajiri, simsikii."

Shemsa aliaga kwa adabu na kurudi kwa mwendo ambao Jaku alilazimika kukimbia nusu yake.

"Bi Urvi," aliuliza akiwa bado anapanda, "una paka?"

"Paka na karatasi hizi? Thubutu."

Safari hii Shemsa hakusimama katikati ya chumba. Alitembea ukuta kwa ukuta, akihesabu kwa kidole. Ukuta wa mlango, fremu saba, safi. Ukuta wa madirisha, sita, safi. Ukuta wa ngazi, tisa, safi. Ukuta wa nne, kumi, na hapo ndipo penye mistari. Tisa tu. Ya kumi ilikuwa picha ya kofia na mwavuli vilivyosahauliwa juu ya benchi, hakuna mtu. Hiyo haikuguswa.

Alirudi kwa bata bukini. Bata alikuwa amekatwa.

"Mnyama kakatwa," alisema polepole. "Kofia haikukatwa."

"Kofia haina shingo, afande."

"Mwavuli una mpini. Anayetaka kuharibu tu angepiga mstari popote." Alifungua ubao mmoja wa dirisha. Ng'ambo ya kichochoro, karibu kiasi cha kuugusa kwa ufagio, ulikuwa ukuta wa nyuma wa msikiti mdogo wa mtaa, na kitumbo cha mihrabu kimejitokeza nje kwenye chokaa. Shemsa alikitazama kitumbo kile kinakoelekea, akageuka akautazama ukuta wa nne. Vilitazama upande mmoja.

Na hapo alijiona mjinga. Alipokuwa na miaka saba, chuoni kwa Bi Nassra alikosomeshwa Kurani, paliletwa kopo la biskuti lenye picha ya wasichana wanaocheza, zawadi ya mzazi. Bi Nassra alilipokea kwa shukrani, akachukua kisu, akapiga mstari kwenye shingo ya kila msichana, kisha akaliweka kwenye rafu mbele ya watoto wanaoswali. Kiumbe asiye na kichwa si kiumbe, aliwaambia. Sasa hili kopo tu. Watoto wote wa chuo kile walilijua jambo hilo, na bila shaka Jaku alifundishwa hivyo hivyo kwao Makunduchi. Lakini wameingia humu na macho ya kipolisi, na macho ya kipolisi yakiona shingo yenye mstari yanatafuta maiti.

"Koplo. Kibla kiko wapi?"

Jaku alinyoosha mkono bila kufikiri. Mkono ukaishia kwa bata mwenye joho la hakimu. Ulibaki hapo hewani.

"La ilaha illallah," alisema kwa sauti ndogo. "Mtu anaswali humu."

"Mwanamke. Mwenye wanja. Hataki kuswali mbele ya sura za viumbe, na hataki kuziharibu, kwa hiyo anachora juu ya kioo. Hataki hata kuzigeuza zitazame ukuta. Nani anazionea huruma karatasi hizi kiasi hicho?"

Bi Urvi alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Hakuna aliyevunja mlango kwa sababu hakuna anayeingia," Shemsa aliendelea, na sasa alikuwa anaongea haraka. "Mchana mlango uko wazi kwa wageni. Aliingia siku nane nyuma, akapanda, hakushuka. Bi Urvi, huko stoo kuna nini?"

"Hakuna. Makopo. Dirisha lilivunjika, njiwa wamepageuza kwao."

Hilo lilikamilisha. Mahali penye vinyesi vya njiwa mtu anaweza kulala akibanwa sana, anaweza kula mkate wa wizi. Kuswali hapaswaliki. Kwa hiyo kila alfajiri mtu huyo aliteremka ngazi kumi na nane kutafuta sakafu safi, akapanda tena na kifua kilichojaa vumbi la njiwa. Leo pia aliteremka, mistari ilikuwa mipya. Tangu hapo Mzee Pirbhai hakusikia kitu.

Walisikiliza wote watatu. Nyumba haikupumua.

Jaku, ambaye asubuhi yote alikuwa anaogopa karatasi, alimpita Shemsa kwenye ngazi na kufika juu wa kwanza. Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa ndani kwa kamba. Alipiga bega mara moja, na njiwa wakalipuka usoni kwao, mbawa na vumbi na harufu kali ya kukata koo. Vumbi lilipotulia wakamwona. Alikuwa amekaa pembeni juu ya buibui lake alilolitandika, mgongo umenyooka, viganja vimekita magotini, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka bila sauti yoyote. Midomo ilikuwa ya kijivu. Kwa umbali wa hatua mbili tatu, kwenye mwanga ule, alikuwa sawasawa na wale wa kwenye picha za chini.

"Kulthum," Shemsa alisema, akapiga magoti kwenye uchafu. "Mimi polisi. Dawa yako hii hapa."

Aliitoa pampu kwenye nailoni. Mtu anayezama akiona kamba huishika. Kulthum aliitazama pampu, akarudi nyuma mpaka kichwa kikagonga ukuta. Macho yake yalipita juu ya bega la Shemsa kwenda mlangoni, yakatafuta.

"Yuko... wapi?"

"Nani?"

"Aliyekuja... nayo."

Shemsa aling'oa kifuniko cha pampu. "Hayupo," alisema. "Nimekuja nayo mimi. Fungua mdomo."

Puliza ya kwanza haikwenda popote. Ya pili kidogo. Jaku alikuwa tayari ameshampigia daktari na anaitaja mitaa kwa sauti kubwa isiyo ya lazima. Baada ya puliza ya sita kile kifilimbi kilirudi, kibaya, kizuri, na rangi ikaanza kurudi kwenye midomo kutoka katikati.

"Usizungumze," Shemsa alisema.

Lakini alitaka kuzungumza. Alitoa maneno mawili mawili, akipumzika kati yake. Hakuisahau pampu. Hakuwahi kuisahau maishani mwake. Mudrik aliiweka kwenye droo ya duka na kuifunga. Ilianza mwaka wa kwanza wa ndoa: akishikwa na pumu, Mudrik aliishika pampu mkononi na kumtaka aombe radhi kwanza. Radhi ya nini, hilo lilibadilika. Chumvi kwenye mchuzi. Simu isiyopokewa. Kila mara alimchelewesha zaidi kidogo.

"Mara ya mwisho... kanambia nihesabu. Mpaka mia, ndo anipe. Nlifika thalathini."

"Kisha?"

"Nkaamka sakafuni. Yeye anakula." Alifunga macho. "Mtaani wanampenda sana."

"Na Bi Urvi, kwa nini hukumwambia?"

"Kaja hapa siku ile ile. Nlikuwa huku juu, nlimsikia. Analia, Bi Urvi anampa chai. Bi Urvi hajui kusema uongo. Angeniuza bila kujua."

"Na wanja? Alfajiri ungeweza kuufuta."

Kulthum alifikiri. "Mwanzo nlikuwa nafuta," alisema. "Baadaye nkaacha. Sijui. Labda nlitaka mtu ajue kuna mtu."

Nyuma yao pakasikika mguno. Bi Urvi alikuwa amefika ngazi ya mwisho, ameshika ukuta kwa mikono miwili, uso umelowa jasho. Ngazi kumi na nane, mwaka wa sita. Alikuja akajishusha kwenye sakafu ile ile, na sari yake nyeupe, akakishika kichwa cha Kulthum akakilaza kifuani kwake, na kuanza kumsugua mgongo kwa kiganja, juu chini, kama anavyosuguliwa mtoto mwenye kikohozi.

"Afande," Jaku alisema.

Shemsa aliijua sauti ile. Alimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Nshampigia Mudrik. Tulipokuwa tunakwenda kwa Pirbhai. Kaniomba kama ndugu, afande, nimpe habari yoyote kabla ya mtu mwingine. Nkamwambia tupo kwa Bi Urvi, pana jambo." Uso wa Jaku ulikuwa umeanguka. "Darajani mpaka hapa dakika kumi. Zimeshapita."

Chini, mlango uligongwa. Si kwa nguvu. Mara tatu, kwa adabu.

Shemsa hakumtukana Jaku, ingawa alistahili. Alihesabu alicho nacho. Mwanamke asiyeweza kusema maneno matatu bila kupumzika. Mwanamume anayependwa na kituo kizima. Hakuna jeraha, hakuna shahidi, kuna pampu ambayo mume mwenyewe ameileta kwa machozi mbele ya askari sita. Kwa kawaida ya kazi, aliyeripoti anaarifiwa. Mudrik angesema mke wake ana homa ya mawazo, angemshika mkono kwa upole mbele ya watu wote, na leo jioni angekuwa naye nyumbani, na funguo za droo mfukoni.

"Funga mlango huu wa stoo," alimwambia Jaku. "Kisha shuka na mimi. Usimwambie kitu, usimpe pole, usimjibu. Simama tu usikilize."

Walipita chumba cha picha, wakashuka ukumbini. Shemsa alifungua mwenyewe.

Mudrik alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia yake ya kiua mkononi, paji la uso linang'aa kwa jasho la kuharakisha. Macho yalikuwa mekundu vile vile kama ya kila asubuhi. Alikuwa mtu wa sura nzuri.

"Afande. Jaku kanambia pana jambo hapa. Nimekuja mbio, nimeacha duka wazi."

"Tumempata mke wako, Bwana Mudrik," Shemsa alisema.

Akanyamaza hapo.

Kwa miaka kumi na sita alikuwa amewapelekea watu sentensi ile. Mama mmoja wa Jambiani aliyepotelewa na mwanawe baharini. Baba mmoja, mume mmoja baada ya mwingine, wengine watu wabaya kabisa, walevi, wezi. Wote, kabla hajavuta pumzi, walimuuliza neno moja lile lile: mzima? Hakuna aliyewahi kuliruka. Alisimama na kumngojea Mudrik alitamke, na katika nafsi yake, kwa ajili ya zile asubuhi nane, alitaka alitamke.

Mudrik alitazama ngazi nyuma ya Shemsa. Alimtazama Jaku, kisha akamtazama Shemsa tena, kwa makini.

"Kasema nini?" aliuliza.

Koplo Jaku alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa daftari lake na kalamu, akatazama saa ya mkononi na kuiandika juu ya ukurasa.

"Rudia, Bwana Mudrik," alisema. "Polepole, nikuandike vizuri."